Kirusi Kilicholelewa na Kuku

Dagny alikua akikusanya mayai ya chanjo
mabandani kwa babake, Minnesota,
akimulika kila moja kwa taa.
Sasa analinda pipa la chuma;
seli zaelea humo, bila ganda, bila jogoo.

"Umleavyo ndivyo akuavyo, baba.
Kirusi kikilelewa na kuku
hujipinda kidogo,
nao mwili hujifunza sura
isiyo ya mwizi."

"Yenu yashinda kwa kiasi gani?"
"Miaka mingine, kidogo.
Miaka mingine…" Akatazama theluji.

Duka la dawa lilibakiwa na ya mayai tu.
Halvor akakunja mkono wa shati,
mkono uliolisha kuku miaka arobaini,
na sindano ilipozama, akaguna:
"Karibu nyumbani."