Wasi

Alikuja Newala kufunga mashine ya kubangulia korosho,
Eulojia, fundi wa Peru, mfupi, kofia ya sufu,
na ukungu unaotutetemesha sisi asubuhi
yeye aliufungulia vifungo vya shati.

Na mhandisi mwenzake alisema Kihispania.
Sikukielewa, ila nilikitambua
kama unavyomtambua mtu kwa kikohozi chake:
mama yangu kazaliwa ng'ambo ya Ruvuma,
akikasirika huhesabu kwa Kireno.

Lakini Jumapili, kwenye ukingo wa Shimo la Mungu
ambako simu yake hushika mtandao,
alizungumza na mama yake kitu kingine.
Maneno yalitoka chini ya koo, yakigongana
kama korosho ghafi ndani ya kangomba.
Nikasikia: wasi. Tena: wasi.

"Una wasiwasi?"
Akacheka. Wasi ni nyumba.
Nikamwambia, huku kwetu huja mara mbili,
ndiyo maana hatulali.
Akatazama bonde.
"Kweli," akasema, "mimi ninazo mbili."

Waka? Nikasema, ni moto, ni taa.
Kwao ni ng'ombe. Alishuka melini na Wahispania
akiitwa *vaca*, jina likakatwa pembe.
Kinywa cha bibi yake hakikuwa na *e* wala *o*,
kila neno geni lilivua viatu mlangoni.
Akagonga ubao tuliowekea chai: misa.
Nikagonga: meza.
Tukatazamana kama watu waliokutana njiani
wamevaa mashati ya robota moja.

Kisha akanisimulia shule.
Mwalimu, rula, vidole vilivyokunjwa,
neno moja la nyumbani, pigo moja.
Nikakilaani Kihispania kwa niaba yake,
nikakilaani vizuri, kwa methali,
na alinisikiliza mpaka nikamaliza.

"Na wewe? Kwa lugha ya mama yako,
nyumba mnaitaje?"

Nikafungua mdomo, kikatoka Kiswahili.
Nikakumbuka kibao cha mbao, kamba ya katani,
shingo yangu darasa la tatu,
na nilivyosubiri kwa hamu mwenzangu ateleze
nimvishe yeye.
Kiswahili hiki ninachokipenda,
ninachoandikia hata hapa.

Neno lilichelewa. Lilikuja na vumbi:
ing'ande.
Akalirudia vibaya. Nami nililisema vibaya.

Aliondoka mwezi wa kumi, mashine inabangua.
Ubavuni aliandika kwa chaki *casa, wasi, ing'ande*;
mafuta ya maganda yameshala herufi za mwanzo.
Usiku ule mama alipiga simu.
Sikusema shikamoo, nilisema lile neno tu.
Kimya. Halafu "Haloo? Haloo?"
Alidhani mtandao umekata.