Tundu la Taa

Usiku wa arobaini na moja nilikipata.
Nilikuwa nimeshaua popo wa chuma wasio na idadi,
nimevunja majabali kwa sururu ya kukodi,
nikaambulia feruzi zenye ufa, yakuti zilizofifia,
vito vya kuwauzia wageni wasiojua bei.
Kisha, chini kabisa, ngazi ya saba,
jiwe likapasuka, na ndani yake
kikawaka kitu cha rangi nisiyoijua jina:
si buluu, si kijani; rangi ya shingo ya njiwa anapogeuka.
Jicho la Mvukuto. Kimoja katika elfu tisini.

Nikapiga yowe. Bibi Szczepańska akagonga ukuta kwa ufagio.
Baba akaja na soksi moja, akidhani nimeungua.

Baba yangu, Bogumił, hajui michezo hii.
Yeye alichimba makaa hapa hapa Wałbrzych
miaka kumi na tisa, mpaka mgodi ukafungwa
na kengele ya zamu ikauzwa kwa mwenye mgahawa.
Mtaka cha mvunguni sharti ainame:
baba aliinama hadi mgongo ukasahau njia ya kurudi.
Akavuta kiti. Akaitazama skrini
kama picha ya nyumba iliyobomolewa.
"Dari hiyo," akasema, "inashikiliwa na nini?"
Na hesabu, baba. Haianguki.
Akaguna. "Hakuna dari inayoanguka, hadi siku yake."

Nikamweleza: kito hiki hupachikwa mara moja.
Ukikibandua, ni vumbi.
Wenzangu walikuwa wakiniandikia wote kwa pamoja.
Gniewko: upanga! Dobrochna: upanga, unangoja nini?
Kikikaa upangani, pigo la saba ni radi,
na joka la mlangoni litakufa halijamaliza kupiga miayo.
Kidole changu kilikuwa tayari.

"Na ile taa?"
Taa gani?
"Ya kofia. Ina tundu. Naliona."
Taa ni ya bure, baba, unapewa siku ya kwanza,
hakuna anayeipamba.
Hakujibu. Alikuwa akisugua kidole gumba
pale ambapo kucha haikuota tena.
"Sisi," akasema baadaye, "hatukufa kwa kukosa sururu."

Basi nikafanya upumbavu wangu wa ghali kuliko wote.
Gniewko akaandika neno nisilolirudia mbele ya mzazi.

Mwanga ukaingia ndani ya mawe.
Tukaona mishipa ya mwamba, vijia, alama za chaki
za wachimbaji ambao watunzi wa mchezo waliwachora
kisha wakawafukia, wasimwambie mtu:
wanaume kumi na mmoja, wamekaa, wameegemeana,
birika la chai katikati yao.

Joka sikuliua. Bado lipo mlangoni, wengine wanapambana nalo.
Baba alisogea hadi pumzi yake ikatia ukungu kwenye kioo,
akawahesabu kwa kidole, mmoja mmoja.
Akafika kumi na mmoja. Akaanza upya.
"Sogeza taa," akasema. "Kushoto. Polepole."