Hayalali

Tuliinunua Ng'ambo kwa laki sita na ishirini,
na ile ishirini ilikuwa ya kumtuliza mke wa muuzaji.
Boksa ya juzi tu, lakini tayari imezeeka:
taa imefungwa kwa mpira wa ndani,
kiti kimepasuka mahali abiria wa tatu hukalia,
na kwenye tangi, kwa rangi nyekundu, MADENI HAYALALI.

Kalunde aliizunguka kama ng'ombe wa mnadani.
Akaipiga kiki. Akainamisha sikio.
"Moyo upo," akasema. "Mengine ni mizigo."

Picha tulikuwa nayo moja, ya kalenda
iliyosahauliwa ukutani karakana ya reli
tangu miaka ambayo mama zetu walikuwa wasichana:
mtu amelala juu ya tangi refu,
kidevu kinagusa chuma, viwiko vimebana mbavu,
na barabara nyuma yake imefutika.
Mchwa wamekula tarehe zote. Pikipiki wameiacha.
Tukapima gurudumu la pichani kwa uzi,
uzi tukauzidisha, hesabu tukaiandika kwa chaki sakafuni,
na paka wa mlinzi akalala juu ya jibu.

Kisha tukaivua.
Keria iliyobeba mkaa wa Sikonge, msumeno ukaipitia.
Vioo, honi, endiketa, walinzi wa miguu,
kila kilichoanguka kilikwenda kwenye mizani ya tumbaku
tuliyoazima na hatujairudisha:
kilo ishirini na tatu
za riziki ya mtu, rundo mlangoni.

Usukani ukashuka kama pembe za mbuzi aliyekasirika.
Vikanyagio vikarudi nyuma, shiba moja na nusu.
Tangi tulilijaza maji kabla ya kulichoma,
maana petroli haisahau,
tukalipasua ubavuni, tukalirefusha kwa kiraka,
na MADENI yakaenda na kipande kilichokatwa.
Nundu ya kiti ni faiba, kalibu yake ya mninga,
tumeipaka nta ili visishikane.
Ngao ya mbele ni debe la asali.
Tulilifua siku nne juu ya mfuko wa mchanga.
Siku ya pili nilijigonga kidole; Kalunde alicheka kwanza,
kisha akatafuta kitambaa.

Injini hatukuigusa. Fedha ilikuwa imeisha.

Jumapili, nyuma ya maghala ya tumbaku,
mzunguko mmoja wa changarawe, hatua mia sita na tisa.
Kalunde akalala juu ya tangi, kilo zake arobaini na saba,
akawa mdogo, akawa mstari,
vumbi likasimama nyuma yake kama ukuta unaojengwa.
Mzunguko wa tatu nyuki wakatoka sijui wapi,
wakamfuata debe lao mpaka konani.
Alirudi anatukana, anacheka, sikio limevimba.

Ndipo nikamwona Hilali, muuzaji,
ameshikilia baiskeli penye geti.
"Mwangaluka," akasema, ingawa jua lilikuwa utosini.
Hakuitambua kwa macho. Aliitambua iliposilimu,
pale inapokohoa mara mbili kabla ya kuzima.
"Hiyo ni plagi. Usiku nikimkimbiza mzazi Kitete
ilikohoa hivyohivyo, nikaiomba, ikafika."
Akapitisha kiganja kwenye tangi la fedha,
akasoma neno lililobaki.
"Hayalali. Yapi hayo?"
Kalunde akafuta mafuta mikononi, polepole.
"Bado hatujajua."

Tulimpa aipande. Akakataa kwa kichwa.
Akaenda kwenye rundo la mlangoni, akachakura,
akaitoa keria, akaipuliza vumbi,
akaifunga kwa mpira kwenye baiskeli yake.
"Hii," akasema, "bado ina kazi."