Pigo la Tatu

Kurosaki kanijia, pepo kavu zikivuma,
Viatu akavivua, mlangoni, akahema:
"Bi Tokue, nakwambia, gari langu lachechema,
Na kesho ni Jumapili."

Wiki jana lilianza, pindi lilipo konani,
Soda ikajisambaza, gauni na mapajani,
Mtoto akauliza, "Babu, lina kwikwi nini?"
Kainama mara mbili.

Arubaini miaka, nilitengeza piano,
Hamamatsu kuzunguka, kwa sikio na mkono;
Kushoto kumezibika, sisikii hata neno,
Kulia kungali kali.

Gari li juu ya meza, magurudumu hewani,
Pampu ikilipuliza, upepo wa silindani;
Mara tatu kachunguza, vali, fito na mipini,
Makaa kayakejeli.

Kaliunda peke yake, miaka kumi na moja,
Baada ya zamu zake, bati na shaba pamoja,
Na chakula mke wake, akipasha, akingoja.
Sasa wapoa tu wali.

Gurudumu kalichora, kwa chaki, alama nne,
Miwani miwili bora, kavaa ili aone,
Kapima bila papara, unywele usipishane.
Jicho lakosa dalili.

Nikasema, "Taa zima, redio izime nayo."
Gizani tukasimama, tukasikiliza hayo:
Pa! Pa! La tatu lagoma, la nne lafuata mbiyo,
Kidato kimoja mbali.

Akang'aka, "Haiwezi! Vali zote zalingana!"
"Nami kwenye hiyo kazi, nimezeeka, kijana."
Themanini tangu juzi! Akacheka kwa kununa,
Kisha ndipo kakubali.

Nilichukua kijiti, cha chakula cha jioni,
Ncha chini kwenye uti, na nyingine sikioni,
Ikanijia sauti, kama ya panya darini:
Chuma chahama mahali.

"Kuna pete imechoka, inayosukuma fito,
Parafujo yachomoka, ndogo kama chawa toto;
Uti ukishazunguka, pete yachelewa mwito,
Nusu ya punje ya wali."

Akawasha taa tena, kimya, hakunitazama,
Bisibisi kaibana, mkono ukatetema,
Ncha na tundu kukosana, mara sita, ikahama.
Nikajua ile hali.

"Nilikaza kiangazi, nikadhani imefika.
Siku hizi siiwezi, hata kikombe kushika.
Mwanangu simuelezi, gari atalifunika
Milele, kwa turubali."

Nami nilificha yangu, miezi kumi na sita,
Hadi shuleni, mwenzangu, kinanda kikaniteta:
Noti za juu, uchungu, zililia kama bata.
Nikasema, "Homa kali."

Sikumpa pole, hata, nikatwaa bisibisi,
Yeye kaanza kuita, "Rudi. Kaza. Hivyo. Basi."
Mgongo ukanikata, naye hana wasiwasi,
Kama mkuu wa reli!

Alama zile za chaki, ndipo zikafaa sasa,
Kila robo ina haki, pete isije kukosa,
Tone la gundi labaki, parafujo kuigusa.
Ikauke, saa mbili.

Tukangoja na birika, lafoka juu jikoni,
Chake nusu nikaweka, kisimwagike jamvini.
Aliona; akacheka, cheko la ndani kooni.
Hatukusema la pili.

Pampu tukairudisha, taa tukazima tena,
Gari likajianzisha, mapigo yakashikana,
Kila moja likapisha, bila kuparamiana:
Moja, mbili, tatu, nne; la tatu likawasili!

Asubuhi, uwanjani, watoto wakajipanga,
Kurosaki yu kitini, glavu nene kazifunga,
Mwanawe yupo kandoni, mvuke anaukinga,
Na siri ya zile glavu yajuliwa na wawili.

Akapita, akapaza, "Je, Tokue, liko sawa?"
Kichwa nikakigeuza: la tatu lilichelewa,
Chembe tu. Nikanyamaza. Piano nayo hupewa
Kijiuongo cha waya, ndipo iimbe kikweli.

Nikapunga. Akapunga. Glavu yatetema mbali.