Karanga za Akurut

Sikio langu la kushoto nililitoa kiingilio.
Miaka ishirini na miwili nilisimama upande wa spika,
kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi,
katika ukumbi wa wafanyakazi kule Walukuba,
na leo daktari ananionyesha mchoro, mstari unaoteremka:
"Hapa, mama Naigaga, ndipo sauti nyembamba zilipokuacha."
Nikamwuliza kama besi ingalipo.
Besi ipo, akasema.
Basi hatujaachana.

Nyumbani nina redio kaseti ya spika moja
(ya pili panya walihamia, nikawaachia),
kanda arobaini na moja katika kopo la biskuti,
na kalamu ya kuzirudisha umeme ukikatika.
Sisi watu wa Jinja bwawa tunalisikia likinguruma,
taa hatuzioni.

Kanda ninayoipenda haina jina.
Aliirekodi Akurut, mashine ndani ya mkoba,
mkoba juu ya mapaja, zipu nusu wazi,
usiku ule Bendi ya Kiira Nyota ilipopiga hadi jenereta likazima.
Mvua juu ya mabati. Mtu anaitisha soda.
Halafu solo ya gita la Wabwire,
ambayo kwenye sahani ya dukani ni safi kama shuka za wodi mpya,
na hapa, tangu mwanzo wake,
Akurut anatafuna karanga.

Kra. Kra-kra. Gita linapanda. Kra.
Linasita juu kabisa,
kama mtu aliyesahau alichofuata chumbani,
na katika kimya hicho, moja tu, kubwa:
kra.
Kisha linashuka.

Nilimnunia mwaka mzima.
Nilikuwa na njaa, akasema, nilitoka zamu.
Sote tulitoka zamu. Chini ya gauni la dansi
nilivaa viatu vya wodini, na Jumatatu
muhuri wa mlangoni, zambarau, ungali mkononi,
sista mkuu akiutazama, hasemi kitu,
na mtoto akitoka kwa mayowe membamba
ambayo wakati huo bado niliyasikia.

Mume wangu, Mungu amrehemu, hakwenda dansi hata siku moja.
"Muziki uleule unao kwenye kaseti."
Sikujua la kumjibu.
Leo ningemjibu: kwenye kaseti hakuna anayenikanyaga.

Akurut alirudi kwao Ngora, analima,
nadhani mnajua analima nini.
Nikimpigia simu naiweka kwenye spika, kanda inazunguka,
naye, kila mara, kama hajawahi kuisikia:
"Nani huyo anatafuna bila adabu?"

Desemba iliyopita mabaki ya bendi walirudi,
hoteli ya kando ya mto, elfu thelathini, viti vyeupe vya plastiki,
vijana wameinua simu juu kama wanauliza swali.
Wabwire alipiga ameketi. Vidole vimevimba.
Solo ilipoanza niliifuata kwa macho zaidi,
mkono wake ukipanda shingo ya gita, ukipanda,
ukasita.

Na kimya kile kilikuwa kitupu mno.
Kama meza iliyoandaliwa, mtu mmoja hajaja.

Nilikuwa nimenunua karanga getini, za mia tano, ndani ya karatasi.
Sikupanga. Mkono ulijua njia.
Nikaitia moja mdomoni, upande wa jino zima,
nikaing'ata pale pale.

Gita likashuka.

Kijana wa mbele yangu, aliyekuwa akirekodi,
akageuka, akanikodolea macho.
Siku moja utanishukuru, nikamwambia.
Au nilidhani nimemwambia.
Nilikuwa nimekaa upande wa spika,
siwezi kuapa.