Funguo Tatu, Kiboriloni

Ulianza vibaya, Elirehema.
Ulianza na mnyororo, na wachimbaji,
na sarafu isiyoshikika wala kulia ikidondoka.
Mama Aikande akauliza kama ni wachimbaji wa Mererani
ukacheka.
Mumewe alikwenda Mererani akarudi na kikohozi.

Basi kaa hapo, juu ya belo la makoti,
nikufundishe kufundisha.

Unaliona sanduku? Bati, kufuli tatu.
Ufunguo mmoja kwangu, mmoja kwa Ndekusara,
wa tatu kwa Mama Aikande, anayechelewa kila Alhamisi,
na hakifunguki kitu mpaka afike.

Lakini sanduku si siri yetu.
Kabla yake tulikuwa na daftari.
Moja. La mweka hazina. Kalamu yake, mwandiko wake.
Alipohamia Kahama bila kuaga
daftari lilihama naye,
tukabaki tunatazamana,
kila mtu na akiba asiyoweza kuithibitisha.

Tangu hapo tunahesabu kwa sauti.
Wanawake ishirini na wawili:
leo sanduku lina laki nne na elfu kumi na sita.
Tunaitikia, tunaondoka nayo kichwani.
Alhamisi ijayo, kufuli hazijaguswa, namnyooshea kidole yeyote:
tuliacha ngapi?
Mwizi itambidi aibe ndani ya vichwa ishirini na viwili
usiku mmoja, vingine vimelala Pasua, vingine Rau,
kimoja kipo KCMC kinauguza.

Hapo ukainua macho kutoka kwenye simu.
"Shangazi, ndiyo hiyo hiyo!"
Daftari moja, nakala maelfu,
hakuna mwenye kalamu peke yake,
na kila ukurasa una alama ya ukurasa wa jana;
ukichana mmoja, yote ya mbele yake yanapiga kelele.

Kumbe mlikuwa mnatuiga.

Na huo mtandao usio na mwenyewe?
Nilikujibu kabla hujatafuta neno:
ni mfongo wa babu yako, kule juu Kibosho.
Maji yanapita migombani kwa watu, hayana ofisi,
yana zamu. Asiyekuja kuzibua
zamu yake inakauka.
Bomba ni jingine. Bomba lina mita,
mita ina mwenyewe, mwenyewe ana koki.
Picha zetu zote za harusi, ulisema,
ziko kwenye bomba la mtu.
Hilo lilituuma.

Ndekusara, anayetafuta miwani akiwa ameivaa,
akauliza: nikipoteza ufunguo?
Ukasema ni maneno kumi na mawili kwenye karatasi,
na karatasi ikipotea hakuna fundi wa kufuli,
hakuna dirisha la kwenda kulia.
"Hata polisi?"
Hata polisi.

Na bei, jana?
Imeshuka.
Kiasi gani?
Ukatazama viatu vyako.
Ndipo tukajua kwa nini umepanda gari toka Arusha
siku ya kikoba.

Duka la simu, Ngarenaro. Mtaji wote.
Kodi ya miezi mitatu.
Ulisema uzuri wake ni huu: humwamini mtu yeyote,
hesabu inatosha.
Sasa umekaa juu ya makoti ya watu
unaomba uaminiwe.

Sheria yetu inataka wadhamini wawili.
Wa kwanza mimi; damu haina aibu.
Kisha kimya. Mtu akakunja sweta lililokwisha kukunjwa.
Nje wanashusha mzigo, wanatukanana kwa upendo.

Mama Aikande ndiye aliyenyoosha mkono,
uleule wenye ufunguo.

Katibu akafungua kofia ya kalamu.
Nikamwambia, utaandika baadaye. Kwanza tuseme.
Tukasema, sote:
Elirehema, laki mbili, miezi sita.

Haya, mjomba wa kompyuta.
Futa, kama unaweza.