Pesa Yenye Miezi Miwili

Jina la Raja halikuwahi kutoshea.
Muhuri ulikuwa mpana kama kitako cha bilauri,
kipande cha shaba kama kokwa mbili za ukwaju,
basi pesa moja ilibeba mkia wa jina,
nyingine tumbo,
nyingine nukta tupu na pembe ya mwezi.
Huko Devkheri hakuna aliyepata kumshika mtawala mzima.

Bherulal, mchonga mihuri, hakujua kusoma.
Herufi za Kiajemi alizinakili
kama anayefuata nyayo za kware kwenye majivu,
kinyumenyume, ulimi nje kidogo,
na zikikosea, zilikosea mara elfu kumi.

Kazi yangu mimi ilikuwa beseni.
Vipande vilitoka kwenye tindo vyeusi kwa masizi,
nikavichemsha katika maji ya ukwaju
hadi vione haya, viwe vyekundu.
Vidole vyangu vilinuka uchachu hata usingizini.
Baba, Ghisalal, alikaa mbele ya fuawe
akiushika muhuri wa juu kwa mkono wa kushoto;
ami yangu Kaluram ndiye nyundo.
Weka. Piga. Toa.
Weka. Piga. Toa.
Mazungumzo yao yote ya miaka kumi na tisa.

Siku ile ami alikuwa na homa, au deni, sijui.
Weka. Piga —
nyundo ikaruka, ikarudi pale pale bila kuitwa,
na ncha ya gumba la baba ikabaki juu ya fuawe.
Alininyooshea mkono.
Nikautia ndani ya beseni,
maana ndilo jambo pekee nililojua kufanya.
Hapo ndipo alipopiga kelele.

Pesa ile ilitoka na miezi miwili,
mmoja umempanda mwenziwe mgongoni,
na bonde dogo ukingoni.
Motichand, karani wa hazina, aliiweka kwenye mizani.
"Uzito sawa," akasema,
akaitupa kapuni.

Tangu hapo nikawa nazigeuza pesa za watu.
Niliuza dengu za kukaanga lango la kaskazini;
wateja walidhani naogopa bandia.
Baba alikufa. Ami alihamia kwa mwanawe bila kuaga.
Ikaja mashine kutoka mbali, na moshi wake,
pesa zikawa duara, zote mapacha,
jina zima limeenea na nafasi ikabaki.
Mpiga mbiu akapita: shaba ya zamani irudishwe,
itapimwa kwa ratili, itayeyushwa.

Wiki ya mwisho, muuza maboga
alinirudishia chenji.
Miezi miwili. Bonde.
Gumba langu likaingia pale
kama mguu kwenye kiatu cha marehemu.

Ningeificha kwenye pindo la sari. Ndiyo.
Ningeifukia chini ya jiko.
Lakini chumvi ilikuwa imekwisha tangu Jumatano,
na watoto walikula mchuzi wakitazamana.

Muuza chumvi hakuigeuza.

Siku hizi watu husema nimekula chumvi nyingi,
wakimaanisha mvi.
Nami huitikia tu.
Ya siku ile nakikumbuka kipimo chake:
kiganja kimoja, na kidogo cha juu,
kwa kuwa alinionea huruma,
au alikosea kuhesabu.